Rwagasore alianzia kampeni kwa wachuuzi wa Buyenzi

Wengi wanaosimulia maisha ya Mwanamfalme Louis Rwagasore huanzia Septemba 1961, chama chake cha UPRONA kilipozoa viti 58 kati ya 64 vya Bunge la Burundi. Mimi huanzia 1957, katika mitaa ya Waswahili ya Usumbura, yaani Bujumbura ya leo.

Mtoto huyo wa Mwami Mwambutsa wa Nne alizaliwa Gitega Januari 10, 1932, akasoma Astrida nchini Rwanda, kisha Ubelgiji. Aliporudi angeweza kukaa kitako kama wana wengine wa wakubwa. Badala yake alikwenda Buyenzi.

Buyenzi ilijaa watu waliozungumza Kiswahili, wengi wao Waislamu: Warundi, watu wa Kongo na watu wa Tanganyika, na wengi waliishi kwa biashara ndogondogo. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Mwaka 1957 Rwagasore akaanzisha ushirika wa wafanyabiashara, ili Waafrika waagize na kuuza mali wenyewe. Anayevusha mizigo Kobero au Gatumba anaelewa hoja hiyo bila kufafanuliwa: mwenye bei ya jumla ndiye mwenye soko.

Ushirika ule ulielemewa na matatizo ya fedha na usimamizi, haukudumu. Lakini wateja na wanachama wake hawakumwacha, na kwa maoni yangu hao ndio waliokuwa wapiga debe wake wa kwanza mjini. Ng'ambo ya ziwa naye alipata rafiki, Julius Nyerere wa TANU.

Wabelgiji walimwona mtu wa hatari. Mwaka 1960 walizuia ndugu wa karibu wa Mwami kufanya siasa, kisha wakamweka Rwagasore kifungo cha nyumbani wakati wa uchaguzi wa mitaa. Wapinzani wake wa PDC wakashinda. Wa Bunge, Septemba 18, 1961, ulisimamiwa na macho ya Umoja wa Mataifa, na matokeo tumeyaona.

Alikuwa waziri mkuu kwa wiki mbili hivi. Oktoba 13, akila chakula cha jioni hotelini kando ya ziwa, Mgiriki Jean Kageorgis alimpiga risasi. Alikuwa na miaka 29. Kageorgis aliuawa kwa hukumu Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Januari 1963 wenzake watano, wakiwamo viongozi wa PDC, wakanyongwa Gitega.

UPRONA ilibaki bila mtu wa kuwaunganisha. Paul Mirerekano, Mhutu, na André Muhirwa, Mtutsi na mkwe wa Mwami, waligombea uongozi wa chama, na wafuasi wakagawanyika kikabila. Mirerekano aliuawa 1965. Mwaka 1972 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania, na wengi wakapelekwa Ulyankulu na Katumba.