Stanislas Mugwanya na Ugawaji wa Ardhi ya Buganda

Wakatekumeni wapendwa, mkifundishwa amri ya saba, mwafahamu upesi kwamba kuiba mbuzi wa jirani ni dhambi. Habari ya shamba ni ngumu zaidi, maana shamba laweza kumtoka mtu kwa karatasi iliyotiwa sahihi mchana, mbele ya watu wote. Maisha ya Stanislas Mugwanya yatufundisha jambo hilo.

Mugwanya alikuwa mmoja wa Wakatoliki wa kwanza wa Buganda, katika Uganda, nchi jirani yetu. Mapadri Weupe walifika huko mwaka 1879. Mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mugwanya aliokoka katika dhuluma ile, akawa kiongozi wa waamini.

Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana huko Mengo. Wakatoliki walishindwa, wakakimbilia Buddu. Mwaka uliofuata mapatano yalifanyika, naye Mugwanya akawekwa kuwa Katikiro wa Wakatoliki, sambamba na Apolo Kagwa, Katikiro wa Waprotestanti. Watu waliotafutana kwa bunduki wakaketi katika baraza moja. Mwaka 1897 Mwanga aliasi Waingereza, akakimbia. Mwanawe Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto mchanga, akafanywa Kabaka. Mugwanya, Kagwa na Zakaria Kisingiri wakatawala kwa niaba yake hata mwaka 1914.

Tarehe 10 Machi 1900 watawala hao watatu walitia sahihi mapatano na Sir Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza. Nchi ilikadiriwa kuwa maili za mraba 19,600. Karibu nusu yake, yaani mapori, ilichukuliwa na Serikali ya Kiingereza. Kabaka alipewa maili 350. Misheni zote pamoja 92. Wakuu na wenye mashamba wapatao 1,000 walitengewa maili 8,000. Kila mmoja wa wale watatu alipata maili 16 ziwe mali yake, mbali na ardhi ya cheo chake. Maili moja ya mraba ni hekta 259! Ndiyo sababu ardhi hiyo yaitwa mailo.

Baraza liliandika majina, na kila mkuu alichagua mahali pake. Kisha wapimaji walipita wakiweka mipaka, ndipo hati zikatolewa. Kazi hiyo ilidumu miaka zaidi ya 30, na walioandikwa wakazidi 3,000.

Bali mkulima mdogo hakuandikwa. Zamani mkuu alipewa mamlaka juu ya watu, na Kabaka aliweza kumwondolea. Mkulima aliyeonewa alihamia kwa mkuu mwingine. Sasa ardhi ikawa mali ya kuuzwa na kurithiwa, na aliyelima migomba ya babu yake akajikuta mpangaji. Hata makaburi ya koo nyingine yaliangukia katika hati za wageni. Katika miaka ya 1920 wazee wa koo, yaani Bataka, walishtaki. Tume iliwasikiliza, lakini ugawaji haukutanguliwa. Hatimaye sheria ya mwaka 1928 iliweka kiasi cha kodi, ikakataza kumfukuza mkulima pasipo hukumu ya korti.

Mugwanya alikuwa mwamuzi mkuu kwa miaka mingi, akadumu katika imani hata kufa kwake mwaka 1938. Tumheshimu kwa uthabiti wake. Lakini katika ardhi, yeye na wenzake walikuwa wagawaji na wapokeaji pia, na mdogo hakuwa na msemaji. Moyo wake Mungu peke yake ndiye aujuaye. Matokeo ya kazi ile twayaona sisi sote.

Kwetu Kivu mambo hayakuwa tofauti sana. Tangu mwaka 1928 Kamati ya Taifa ya Kivu iliwagawia walowezi mashamba makubwa. Na kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, nao wanakijiji wengi hulima bila cheti chochote.

Basi, Mkristo akiitwa kuwa shahidi wa mpaka, au kutia kidole katika karatasi ya shamba, aulize kwanza: nani analima hapa, na nani amezikwa hapa? Akumbuke shamba la Naboti, alilonyang'anywa kwa barua zenye muhuri wa mfalme. Muhuri ulikuwa wa kweli, haki haikuwamo.