Mhasibu Aliyehesabu Pasi

Wachezaji wameandikwa sana katika jarida letu, kwa hivyo mwaka huu nimemchagua marehemu Charles Reep, Mwingereza aliyepata jina kwa kuyahesabu mabao, si kwa kuyafunga.

Alizaliwa Cornwall mwaka 1904, akasomea uhasibu na kuajiriwa katika Jeshi la Anga. Tarehe 18 Machi 1950 alikwenda kutazama Swindon Town wakipambana na Bristol Rovers. Kipindi cha kwanza Swindon walishambulia weee, wapi! Mzee akachoka. Wakati wa mapumziko akatoa penseli na daftari, na kipindi cha pili akaandika kila shambulizi, limeanzia wapi na limeishia wapi. Hakuacha tena mpaka uzeeni, na mechi alizoandika zilizidi 2,000. Za usiku alivaa kofia ya mchimba migodi yenye taa ili aone anachoandika. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1958, Brazil 5 Uswidi 2, aliiandika kwenye karatasi ndefu ya kupambia ukuta. (Hapo nilicheka peke yangu darasani.)

Mwaka 1951 Brentford, waliokuwa hatarini kushuka daraja, walimwita na wakanusurika. Akamsaidia pia Stan Cullis wa Wolverhampton Wanderers, mabingwa wa 1954. Kisha mwaka 1968, pamoja na Bernard Benjamin, akachapisha hesabu zake: karibu mabao 80 katika kila 100 hutokana na pasi tatu au chini yake. Basi Reep akaona pasi nyingi ni kupoteza wakati, heri kubutua mbele.

Hapo ndipo alipoteleza, tena mhasibu! Mashambulizi yenyewe, zaidi ya 90 katika kila 100, huwa ni ya pasi tatu au chini yake. Tuseme hapa Mambrui mashua 90 zimetoka na nyavu, 10 na mishipi. Jioni wakaja samaki 100, 80 wa nyavu na 20 wa mishipi. Nyavu zimeshinda? Hata! Kila mashua ya mshipi imeleta wawili, ya wavu haikufikisha hata mmoja.

Hata hivyo aliaminiwa. Kocha Egil Olsen wa Norwei alimheshimu mno, na mwaka 1998 timu yake ya mipira mirefu iliifunga Brazil 2-1. Reep alifariki mwaka 2002, akiwa na miaka 97.

Mimi hesabu hizi zinanihusu. Timu yetu nayo hubutua, na msimu wa kusi mpira ukipigwa juu hurudi na upepo. Muhula uliopita tulitolewa mapema, nikalia. Sasa nakaa kando ya uwanja na daftari langu, kwanza naandika mashambulizi yote, ndipo nahesabu mabao. Nina mechi nne tu. Anayetaka kunisaidia Jumamosi aje na penseli, kalamu huvuja kwa jua.