Maisha ya Bwana Raiffeisen, Mwanzilishi wa Vyama vya Mikopo Vijijini

Wanachama wanaoketi kila mwaka kusikiliza hesabu za mweka hazina hulikuta swali lile lile: je, mhitaji apewe sadaka, au akopeshwe? Swali hilo lilimsumbua Bwana Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani kwa muda wa miaka kumi na minane, na jibu alilolipata lafaa kujulikana na kila mzee anayesimamia fedha za wenziwe.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika kijiji cha Hamm, kando ya mto Sieg, mtoto wa saba kati ya tisa. Nyumba yao haikuwa na mali ya kumpeleka shule ya juu. Mchungaji wa kanisa lao ndiye aliyemfundisha. Alipokuwa na umri wa miaka 17 aliingia jeshini, lakini ugonjwa wa macho ulimtoa huko mwaka 1843, wala macho yale hayakupona tena.

Mwaka 1845 alifanywa mkuu wa tarafa ya Weyerbusch, cheo kinachokaribia kile cha chifu kwetu. Ilikuwa nchi ya vilima, baridi na udongo hafifu. Mwaka uliofuata mavuno yaliharibika, njaa ikaingia. Serikali ilileta unga, ila kwa amri kwamba uuzwe kwa fedha taslimu tu. Mwenye njaa atatoa wapi fedha taslimu? Bwana Raiffeisen aliwakusanya wenye uwezo, wakachanga fedha, na watu wakapewa unga kwa mkopo, kinyume cha amri ile. Kisha wakajenga tanuri lao wakaoka mikate, wakaiuza kwa bei iliyo chini sana ya ile ya sokoni. Chama hicho cha mkate kiliokoa watu wengi katika majira ya baridi ya 1846 na 1847.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, na huko alikuta adui wa namna nyingine. Mkulima asiye na ng'ombe alimchukua kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara, kwa riba kubwa. Akishindwa kulipa, ng'ombe alirudi kwa mwenyewe, na pengine shamba likafuata. Wazee wetu hawana haja ya kuelezwa deni la jinsi hiyo. Mwaka 1849 Bwana Raiffeisen aliwapata matajiri wapatao 60 waliokubali kuweka dhamana mali yao yote. Kwa nguvu ya dhamana hiyo chama kilikopa fedha, kikanunua ng'ombe, na mkulima akalipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitano.

Lakini vyama hivi vyote vilikuwa na kasoro moja. Mtoaji alikuwa mwingine na mpokeaji mwingine. Huko Heddesdorf, alikohamia mwaka 1852, alianzisha mwaka 1854 chama cha hisani kilichojitwika mambo mengi: watoto walioachwa bila malezi, kazi kwa waliotoka gerezani, na mikopo. Miaka ilipopita matajiri walichoka. Mwenye mali hapendi kubeba dhamana ya madeni ya watu wengine siku zote, na sadaka, hata iwe njema namna gani, haina mizizi. Kwa mtu aliyeamini kwa dhati kwamba upendo wa Kikristo ungetosha, kukiri jambo hili hakukuwa kwepesi.

Mwaka 1864 chama kilivunjwa kikaundwa upya. Tangu hapo anayetaka mkopo sharti awe mwanachama, na wanachama wote kwa pamoja wawe wadhamini wa deni la chama kwa mali yao yote. Kwa sababu hiyo chama kilifungwa ndani ya eneo dogo, watu wanakojuana, maana hakuna atakayemdhamini mtu asiyemjua tabia. Viongozi hawakulipwa mshahara, ila mtunza hesabu peke yake. Faida haikugawanywa, iliwekwa kuwa akiba ya chama. Mikopo ilikuwa ya muda mrefu, kwa kuwa shamba halimlipi mtu kwa miezi mitatu.

Wako waliompinga, na mkubwa wao alikuwa Bwana Hermann Schulze-Delitzsch, mwanzilishi wa vyama vya mikopo vya mafundi na wafanyabiashara wa mijini, aliyetaka hisa, faida ya kugawanywa na mikopo mifupi. Kwa maoni yetu kila mmoja aliwajua watu wake.

Maisha yake mwenyewe yalikuwa na msiba. Mkewe Emilie alifariki mwaka 1863. Mwaka 1865 afya ilimlazimisha kuacha kazi kwa malipo madogo ya uzeeni, akajaribu kiwanda cha sigara, kisha biashara ya mvinyo. Macho yalififia karibu kabisa. Bintiye Amalie ndiye aliyemsomea na kumwandikia barua zake. Hata hivyo mwaka 1866 alitoa kitabu juu ya vyama vya mikopo, na watu wa nchi nyingine wakakisoma.

Alifariki tarehe 11 Machi 1888, akiwa amebakiza siku 19 kutimiza miaka 70. Sheria ya vyama vya ushirika ya India ya mwaka 1904 ilifuata mafundisho yake kwa sehemu kubwa. Nayo ikawa kielelezo cha sheria za ushirika katika makoloni mengi ya Uingereza.