Padre Lorenzo Massa: Mchungaji Aliyewafungulia Vijana Lango

Wako mapadre wengi waliowaleta vijana kwa Kristo kwa njia ya mahubiri, shule na zahanati. Padre Lorenzo Massa wa Argentina aliwaleta kwa njia ya mpira wa miguu. Tunapenda kuyatafakari maisha yake kwa sababu swali alilolijibu mwaka 1908 lingali mbele yetu leo: Kanisa liwafanyie nini watoto wanaocheza chandimu kando ya barabara?

Lorenzo Massa alizaliwa mwaka 1882 huko Morón, karibu na jiji la Buenos Aires. Wakati huo Argentina ilikuwa ikipokea wahamiaji wengi, hasa kutoka Italia. Wasalesiani wa kwanza walikwisha kufika huko mwaka 1875, wakiwa wametumwa na Mtakatifu Yohane Bosco mwenyewe. Massa alijiunga na shirika hilo, akawa padre, na akapewa utume katika oratorio ya Mtakatifu Antoni, mtaa wa Almagro. Kwa desturi ya Wasalesiani, oratorio ni mahali ambapo kijana husali, hufundishwa katekisimu, na pia hucheza.

Jirani na hapo palikuwa na kundi la wavulana, watoto wa watu wa kawaida, waliocheza mpira kwenye makutano ya barabara. Tramu zilipita papo hapo. Siku moja mmoja wao aliponea chupuchupu kugongwa na tramu. Padre Massa alipoitambua hatari hiyo, aliwaita wavulana wale akawapa kiwanja cha oratorio wachezee kwa usalama. Aliweka sharti moja: Dominika waje kwenye Misa Takatifu. Wakakubali.

Tuutazame vema uamuzi huo. Padre yule angeweza kuwakemea vijana na kuwafukuza, au kuwalaumu wazazi wao. Angeweza pia kulinda utulivu wa kiwanja chake kwa kufunga lango. Badala yake alilifungua, wala hakuficha kwamba alitamani roho zao kama alivyotamani usalama wa miili yao.

Tarehe 1 Aprili 1908 vijana walikutana katika oratorio kuunda klabu rasmi. Mmoja alipopendekeza iitwe San Lorenzo kwa heshima ya padre wao, yeye alikataa. Hatimaye aliridhia, kwa maelewano kwamba jina hilo limheshimu Mtakatifu Laurenti, shemasi na mfiadini wa Roma, na kukumbuka pia vita vya San Lorenzo vya mwaka 1813 katika kupigania uhuru wa nchi yao. Mtakatifu Laurenti ndiye ambaye, alipodaiwa hazina za Kanisa, aliwaleta maskini. Jina hilo liliwafaa kweli vijana wa mtaani. Jezi zao zikawa za buluu na nyekundu, rangi zinazohusishwa na Bikira Maria Msaada wa Wakristo. Mashabiki wao huitwa kunguru hadi leo, na inasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na kanzu nyeusi ya padre.

Klabu ile ndogo ikakua. Mwaka 1915 iliingia daraja la kwanza, mwaka 1916 ikafungua uwanja wake eneo la Boedo, na mwaka 1923 ikawa bingwa wa nchi. Padre Massa aliendelea na upadre wake, akiwalea vijana na kuandika historia ya umisionari wa Wasalesiani kusini mwa bara lile. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1949.

Baada yake yalikuja majaribu. Mwaka 1979, chini ya utawala wa kijeshi, klabu iliupoteza uwanja wake wa Boedo, na baadaye duka kubwa likajengwa mahali pale. Mwaka 1981 ikashuka daraja, lakini mwaka uliofuata ikapanda tena. Mwaka 2014 ilitwaa kombe la klabu bingwa za Amerika ya Kusini, na viongozi wake wakalipeleka Roma kwa Baba Mtakatifu Fransisko. Yeye alikuwa shabiki wao tangu utoto, na alibatizwa siku ya Noeli mwaka 1936 katika basilika ya Wasalesiani huko huko Almagro.

Ndugu wapendwa, sisi wa Kiboriloni tunaishi kando ya barabara kuu itokayo Moshi mjini kuelekea Himo. Malori, daladala na bodaboda hazipungui, na siku za soko msongamano huzidi. Watoto wetu nao wana mpira wao wa matambara, na hutafuta mahali pa kuuchezea. Si lazima kila parokia iunde klabu. Lakini kila parokia inaweza kujiuliza kama kiwanja chake kinafunguliwa kwa watoto siku nyingine, au Dominika tu; na kama yupo mtu mzima, katekista au mzazi, aliye tayari kukaa nao, kuwajua kwa majina na kuwaongoza mpaka altareni.

Padre Massa alianza na kiwanja kimoja na wavulana wachache. Tumwombe Mungu atujalie wachungaji na wazazi wenye moyo kama wake.