Dedan Kimathi: Shujaa Asiye na Kaburi

Mwaka huu mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alimtaka kila mwanachama wa kidato cha tatu aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuaga dunia. Mimi nilimchagua Dedan Kimathi kwa sababu nilidhani ni kazi rahisi. Nani asiyemjua Kimathi? Kumbe sikujua lolote.

Jioni moja nilimsomea nyanya insha yangu akiwa jikoni anachambua njahi. Alinisikiliza hadi tamati, halafu akaniuliza mtu huyo alizikwa wapi. Nikamjibu kwamba mahali hasa hapajulikani. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, kumbe hata mkubwa wao yuko kama baba yake. Hapo ndipo nilipoirarua insha ile na kuanza upya.

Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 katika kijiji cha Thenge, Tetu, huko Nyeri. Baba yake, Wachiuri, alifariki kabla mtoto hajazaliwa, hivyo Kimathi hakuwahi kumwona. Alilelewa na mama yake, Waibuthi. Aliingia shule ya msingi ya Karuna-ini akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Ninyi wenzangu mnaotumwa nyumbani kuleta karo mtamwelewa vizuri, kwani Kimathi aliokota mbegu za miti na kuiuzia idara ya misitu ili apate karo. Baadaye alisoma katika shule ya misheni ya Tumutumu, lakini pesa zikamwishia, akaacha. Alikuwa hodari wa lugha na alipenda kuandika. Baada ya kuhangaika na vibarua vya hapa na pale alirudi shuleni, safari hii akiwa mwalimu.

Siasa zilimvuta. Alijiunga na chama cha KAU, na kufikia mwaka wa 1952 alikuwa katibu wa tawi la Thomson's Falls, mji ambao leo unaitwa Nyahururu. Watu walikuwa wakidai ardhi na uhuru. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo, gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Kimathi akaingia msitu wa Nyandarua. Huko alijaribu kuwaunganisha wapiganaji chini ya baraza moja, akiandika barua na kuweka kumbukumbu kama karani wa ofisi, ilhali ofisi yenyewe ilikuwa chini ya mianzi. Hakuwa malaika. Baadhi ya wenzake walimwogopa, na wapo waliouawa kwa amri za msituni. Nasema haya kwa sababu mwalimu wetu wa historia hutuonya tusimchore shujaa bila kivuli.

Pengine utaniuliza, mtu wa Nyeri anatuhusu nini sisi wa Embu na Meru? Serikali ya mkoloni iliwatia Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kapu moja. Walilazimishwa kuhamia vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na hawakuweza kwenda popote bila kibali. Mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo wakati huo ilikuwa katika wilaya ya Embu, yalianza kwa jasho la mahabusu wa vita hivyo. Na mlima huu tunaouona kila asubuhi tukija shuleni ulikuwa maficho ya wapiganaji wengi. Mmoja wao alikuwa Musa Mwariama wa Meru. Yeye alibaki msituni mpaka uhuru ulipopatikana Desemba 1963, akatoka akiwa hai na kuishi mpaka mwaka wa 1989. Mwenzake wa Meru, Jenerali Baimungi, alitoka pia, lakini hakuridhika na mambo ya ardhi, akarudi msituni. Aliuawa Januari 1965 na askari wa serikali yetu wenyewe iliyokuwa huru.

Kimathi hakuuona uhuru huo. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi ya paja na askari wa kikabila, Ndirangu Mau, akakamatwa. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi. Mahakama ilikaa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu O'Connor, na mwezi uliofuata akahukumiwa kunyongwa. Alikata rufani lakini haikufaulu. Mkewe, Mukami, naye alikuwa amefungwa Kamiti, na inasimuliwa kwamba aliruhusiwa kumwona siku moja kabla ya kunyongwa. Tarehe 18 Februari 1957 Kimathi akanyongwa katika gereza hilo hilo la Kamiti, akazikwa humo humo bila alama yoyote. Familia haikupewa maiti.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kimathi alinyongwa, lakini haki ya kuzikwa na watu wake hakupewa. Tena hakuwa peke yake, kwani Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama wakati wa vita hivyo.

Serikali ya mkoloni iliondoka, lakini Mukami aliendelea kuuliza. Kila aliyeingia madarakani alimkuta mama huyu akidai mifupa ya mumewe. Mwaka wa 1990 Nelson Mandela alipokuja Nairobi alimtaja Kimathi miongoni mwa mashujaa waliompa moyo. Mwaka wa 2003 marufuku ya Mau Mau iliondolewa. Februari 2007 sanamu ya Kimathi ilizinduliwa jijini Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake. Nyeri kuna chuo kikuu kinachoitwa kwa jina lake. Mama huyo akapewa sanamu, barabara na chuo kikuu, ila kaburi hakupewa. Oktoba 2019 ilitangazwa ati kaburi limepatikana Kamiti, watu wakashangilia, lakini serikali ikakana. Mukami aliaga dunia Mei 2023, akazikwa Njabini, Nyandarua. Alikuwa amengoja miaka 66.

Sasa nirudi jikoni kwa nyanya. Baba yake aliondoka usiku mmoja mwaka wa 1954, akaelekea mlimani. Nyanya alikuwa na miaka sita. Anakumbuka kwamba aliacha koti lake nyuma ya mlango, na mama yao alikataa koti hilo liguswe kwa sababu mwenyewe angelihitaji akirudi. Wengine walisema alionekana Mwea akiwa mahabusu, wengine walisema alipigwa bomu msituni. Kila uvumi ulipokuja, mama yao alifunga safari kwenda kuuliza, na kila mara alirudi na vumbi miguuni tu. Alikufa akiwa bado anaulizia.

Mnajua desturi yetu ya kupeana majina. Baba yangu ni mwana wa pili wa nyanya, kwa hiyo alirithi jina la huyo aliyepotea. Mpaka leo nyanya humwita mwanawe baba. Zamani nilikuwa nikicheka. Sasa sicheki tena.

Nilimwomba nyanya ruhusa ya kuliandika jina la baba yake hapa, chini ya lile la Kimathi, kati ya marehemu. Alikataa katakata. Alisema kwamba hakuna aliyemwona akifa wala hakuna aliyemzika, basi mimi ni nani hata nimtie kwenye orodha ya wafu? Nikaweka kalamu chini.

Kwa hivyo wenzangu, leo jioni mkifika nyumbani, muulizeni babu au nyanya kama kuna mtu wa kwenu aliyetoka asirudi. Andikeni jina lake na mwaka alioondoka. Mukami hakuacha kuuliza, na sisi tusiache.