George Papanicolaou na kipimo cha mlango wa kizazi

Mama, ukiambiwa upimwe saratani ya mlango wa kizazi, huenda ukajiuliza: hedhi imekoma, kuzaa nimemaliza, napimwa nini tena? Kabla hujakataa, soma habari za daktari huyu.

George Papanicolaou alizaliwa tarehe 13 Mei 1883 katika mji wa Kymi, Ugiriki. Baba yake alikuwa daktari, naye akasomea udaktari Athens na kuhitimu mwaka 1904. Mwaka 1910 alimwoa Andromachi, aliyejulikana pia kwa jina la Mary. Mwaka 1913 wakahamia New York, Marekani, wakiwa na fedha kidogo. Daktari mzima akauza mazulia dukani, mkewe akashona vifungo, wapate kula.

Baadaye alipata kazi ya utafiti katika Chuo cha Udaktari cha Cornell. Alianza kwa kuchunguza chembe za ukeni za wanyama wadogo wa maabara, aone zinavyobadilika kwa mzunguko wao. Kisha akahamia kwa binadamu. Mary alikubali kutoa sampuli zake mwenyewe, tena na tena, kwa miaka mingi. Wawili hao hawakupata watoto, lakini kazi yao imewafaa kina mama wengi duniani.

Katika kuchunguza sampuli za wanawake wengine, Papanicolaou aliona chembe za saratani. Mwaka 1928 aliwaeleza madaktari wenzake, wengi hawakumjali. Hakukata tamaa. Mwaka 1941, akiwa na miaka 58, yeye na Herbert Traut, daktari wa magonjwa ya wanawake, walichapisha matokeo yao, na mwaka 1943 wakatoa kitabu. Hapo ndipo kipimo kilipoanza kukubalika. Kikaitwa kipimo cha Pap, kutokana na jina lake. Alifariki Miami tarehe 19 Februari 1962, akiwa na miaka 78.

Kazi yake inatufundisha nini? Kwamba saratani hii haiji kwa siku moja. Chembe huanza kubadilika polepole, kwa miaka, bila maumivu yoyote. Zikionekana mapema, zinatibiwa kabla hazijawa saratani.

Leo tunajua kwamba karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Virusi ulivyovipata ujanani vinaweza kukaa kimya na kuleta madhara uzeeni. Kwa hiyo kukoma hedhi si kinga, na kuwa mjane au kuacha tendo la ndoa si kinga pia.

Shirika la Afya Duniani linashauri kupima kuanzia miaka 30, na miaka 25 kwa anayeishi na VVU. Kama hedhi imekoma, mwambie mhudumu, kwa sababu kipimo cha siki hakifai sana katika umri huo. Kipo cha HPV. Usijiamulie mwenyewe kuacha kupima. Mhudumu ataangalia majibu yako ya nyuma, kisha mtashauriana.

Wahi kituo cha afya bila kusubiri zamu ya kupima ukiona:
- damu baada ya hedhi kukoma, hata tone moja. Hiyo si hedhi iliyorudi;
- damu baada ya tendo la ndoa;
- uchafu ukeni wenye harufu mbaya;
- maumivu ya nyonga yasiyoisha.

Maumivu wakati wa tendo la ndoa si lazima yawe saratani. Baada ya hedhi kukoma uke huwa mkavu, na hali hiyo ina tiba. Usivumilie kimya kwa kuona haya. Sisi wauguzi tumezoea kusikia mambo haya, na siri yako inabaki kwetu.

Nawe unayemlea mama au bibi, muulize kwa upole kama amewahi kupimwa. Kama bado, msindikize.