Muindi Mbingu, mwenye mtaa wa Soko la Jiji

Mfanyabiashara anayefika Nairobi kutoka Namanga au Busia hupita Mtaa wa Muindi Mbingu, kando ya Soko la Jiji, asijue mwenye jina ni nani. Alikuwa Mkamba wa Machakos. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilitwaa ng'ombe wa Wakamba kwa madai kwamba wanamaliza malisho, ikawauza mnadani kwa bei ya kutupa. Kiwanda kipya cha nyama cha Athi River, bila shaka, kilihitaji mifugo. Muindi aliongoza maelfu, wanawake na watoto wakiwemo, hadi Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Yeye akahamishiwa Lamu, unyang'anyi ukasitishwa. Mtaa ulipewa jina lake baada ya uhuru. Mabucha yako papo hapo sokoni, na kibao kingestahili walau mstari mmoja kuhusu ng'ombe wale.